Figo Moja, Kutoka Malinyi Hadi Copenhagen

Tangu nirudi, cherehani yangu haijapata kazi ya maana. Mtu analeta gauni la kupunguzwa, lakini kabla hajalitoa kwenye mfuko anataka kujua Denmark ni mbali kiasi gani na ndege inachukua saa ngapi kufika. Hayo ni maswali ya wanaume. Wanawake wanazunguka nyuma ya pazia, wanataka kuona kovu. Nimeona niandike yote mara moja, msome kwa kupokezana, nami nirudi kwenye magauni yenu.

Swali la kilomita nililiuliza mimi mwenyewe. Dada wa ofisi ya tiketi pale Dar es Salaam aliweka rula kwenye ramani ya ukutani akaniambia ni zaidi ya kilomita elfu saba. Akasema kama kungekuwa na ndege ya moja kwa moja, ningekula mara mbili, ningesinzia kidogo, na baada ya saa kama kumi ningekuwa nimefika. Namwamini. Ila ndege ya moja kwa moja haikuwepo, na mimi safari yangu haikuanzia Dar es Salaam.

Kwa wasiojua: mdogo wangu Kasiani alikwenda Denmark kusomea mambo ya umwagiliaji, akaoa hukohuko. Mkewe, wifi yangu, anaitwa Birte, na Kiswahili alijifunza walipokuja kututembelea Ifakara. Mwaka juzi mafigo ya Kasiani yalianza kuchoka, na mwaka jana yakafa yote mawili, ikabidi awe anaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Wakahitaji mtu wa damu yake. Nikapimwa, ikaonekana tumelingana. Habari za vipimo, pasi na viza naziruka, maana hata mimi zilinichosha. Mnachotakiwa kujua ni kwamba daktari wa huko alitoa sharti moja, nifike mzima. Nikifika na homa au tumbo linaharisha, upasuaji hautafanyika. Nisinywe maji yasiyochemshwa, nisile hovyo, nisiumwe na mbu. Aliyetoa sharti hilo hajawahi kukanyaga bonde la Kilombero wakati wa masika.

MALINYI

Siku chache kabla ya kuondoka nilikwenda Malinyi kumuaga mama. Mama alizaa watoto watano, tukabaki sisi wawili, mimi na Kasiani. Alinipokea vizuri. Akanipikia wali na perege wa kukaanga, tukazungumza habari za mpunga na ndege waharibifu na nani kaolewa. Kila nilipofungua mdomo kutaja safari, alisimama kwenda kuongeza kuni, hata pale moto ulipokuwa unatosha kuchoma nyumba.

Jioni ya pili nilimfuata jikoni nikamwambia wazi kwamba nakwenda kumpa Kasiani figo. Akasema anajua, Birte alishamtumia ujumbe kupitia misheni. Akawa anachambua mboga ambazo alikuwa ameshazichambua.

"Nina watoto wawili," akasema. "Mmoja yuko kitandani, na wewe unataka kwenda kulala kitanda cha pili. Sasa mimi nimwombe Mungu nini, Benigna?"

Niliosha vyombo nikaenda kulala.

Asubuhi lori lilipopiga honi barabarani nilipiga goti ili nimuage. Akanidaka mkono na kuniinua kabla goti halijagusa chini. Akasema nisimuage, niende kama mtu anayekwenda sokoni. Kisha akachukua ungo akaingia ndani kupepeta mchele. Nilipanda lori nikiwa bado nausikia ule ungo.

KUTOKA MALINYI HADI KIVUKONI

Dereva wa lori aliitwa Athumani, mtu wa maneno mengi, na juu ya magunia yake ya mpunga tulikuwa abiria kama kumi hivi na mbuzi mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikwenda vizuri mpaka karibu na Lupiro, hapo barabara ikageuka kuwa uji. Tairi za nyuma zikazama. Wanaume wakashuka wakasukuma, wakakata matawi wakayatandika, wakasukuma tena. Lori likazama zaidi, likainua pua juu kama linalotafuta hewa. Athumani akavua viatu, akaviweka vizuri juu ya jiwe, akasema likitoka leo yeye atasilimu mara ya pili.

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani. Treni ya Dar es Salaam isingenisubiri, na ndege ndiyo kabisa.

Mchana alitokea Msukuma mmoja aitwaye Masanja, mrefu, amejifunga shuka begani. Alikuwa amehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache tu iliyopita, na mji wake ulikuwa upande wa pili wa mbuga. Aliliangalia lori kwa utulivu kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyekwama, akasema maksai wake wa kulimia wanaweza kulivuta, lakini leo wamechoka. Atawaleta kesho alfajiri. Athumani akabaki kulinda mzigo, na sisi wanawake tukachukuliwa kwenda kulala kwa Masanja.

Mkewe, Mama Kulwa, alitupokea kwa maziwa. Kibuyu kizima cha maziwa mgando, mazito, yanayometameta. Wenzangu wakanywa na kujilamba. Kikanifikia mimi. Nikashukuru, nikasema nimeshiba. Tumbo langu, ambalo lilikuwa halijapata kitu tangu asubuhi, likanguruma pale pale na wote wakalisikia.

Masanja akaacha kuzungumza. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, maziwa yangu yana nini?"

Nikaona aibu. Ikabidi nieleze kwamba hayana neno, ila nimekatazwa, kwa sababu nampelekea mdogo wangu figo Ulaya na sitakiwi kuumwa njiani.

Masanja akalitazama kapu langu. Akamtazama mkewe. Akalitazama tena kapu.

"Figo la mbuzi au la ng'ombe?" akauliza. "Maana kwa joto hili, dada, halifiki."

Wale wanawake wenzangu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nilijishika ubavuni nikamwambia figo lenyewe liko humu, bado linafanya kazi. Hapo kicheko kikakatika. Masanja akauliza wakishalitoa mimi nitabaki na nini. Nikamwambia nitabaki na moja. Akauliza mdogo wangu ni wa baba mmoja na mama mmoja na mimi. Nikasema ndiyo. Akatafakari, kisha akasema kitu kwa Kisukuma, na Mama Kulwa akachukua maziwa mengine mabichi akayainjika motoni. Aliyachemsha yakafura mara tatu, kisha akanipa kikombe akasimama hapohapo mpaka nikamaliza. Akanipa na sehemu yake ya kulala karibu na moshi, eti mbu wanauogopa. Labda mbu wa Usukuma wanauogopa. Wa kwetu walinikuta hukohuko.

Alfajiri maksai sita walifungwa nira, Masanja akawapigia mluzi, na lile lori lililowashinda wanaume wote wa jana likatoka taratibu kama jino bovu. Athumani alivaa viatu vyake. Sijasikia kama alisilimu.

Kivukoni tulikuta mto Kilombero umemeza gati. Pantoni lilikuwa limefungwa ng'ambo, haliwezi kufanya kazi na maji kiasi kile. Nilisimama pale nikiangalia Ifakara ambayo karibu naiona, na nikafikiria kwamba kilomita elfu saba zote zinaweza kunishinda kwa sababu ya hizi mita chache. Mvuvi mmoja mwenye mtumbwi akakubali kutuvusha wachache wachache. Nikamuuliza kuhusu viboko. Akasema wapo, lakini asubuhi hii wamekwenda kula upande wa juu. Nikamuuliza kajuaje. Akasema hajui, anasema hivyo ili abiria watulie. Nilikaa katikati ya mtumbwi nimeshika ubavu wangu kama mtu aliyebeba mayai, huku vichaka vizima vikitupita vikielea. Katikati ya mto alituambia tusiongee. Hatukuwa tunaongea.

KUTOKA IFAKARA HADI DAR ES SALAAM

Mume wangu Prosper alinipokea nyumbani kwetu Lipangalala, hapo Ifakara, bila kuuliza chochote. Alikuwa amechemsha maji ndoo mbili, moja ya kuoga na moja ya kunywa, na amefunga sanduku langu vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi. Ndani alikuwa ametia mchele wa mbegu ile anayoipenda Kasiani. Siku iliyofuata tulipanda treni pamoja, anisindikize mpaka uwanjani.

Ndani ya behewa kila mtu alikuwa na kitu cha kula, na kila mtu alitaka nikionje. Bibi mmoja aliyekaa mbele yetu alinipa ndizi ya kuchoma, nikakataa. Akanipa kitumbua, nikakataa. Akanipa kipande cha samaki, nikakataa. Akaacha kunitazama. Baadaye nikamsikia akimnong'oneza jirani yake kwamba wako watu siku hizi ukiwapa chakula wanakuona mchawi. Prosper akaona hapana, akamweleza habari yote, na kwa kuwa Prosper hajui kunong'ona, behewa zima likaelewa.

Basi ikawa mjadala. Mzee mmoja alisema haiwezekani, Mungu hakuweka mawili kwa bahati mbaya. Mwanamke aliyekuwa ananyonyesha akamjibu kwamba hata matiti ni mawili na mtoto ananyonya moja. Askari mmoja aliyekuwa likizo akataka kujua kama wanaolipokea figo la mwanamke wanaanza kupenda umbea. Tulipokaribia Dar es Salaam yule bibi alifungua fundo lake, akatoa yai la kuchemsha ambalo halijamenywa, akaniwekea mkononi. "Hili hata mbu hajaligusa," akasema. Nikalimenya nikala, naye akaniangalia mpaka mwisho.

KUTOKA DAR ES SALAAM HADI ADDIS ABABA

Uwanjani Prosper aliniambia mambo mawili. La kwanza, nisipotee. La pili alianza kulisema akashindwa, akabaki anarekebisha mkanda wa sanduku langu mpaka nikaitwa.

Ndege ilitakiwa kuondoka asubuhi, ikaondoka jioni. Palikuwa na kitu hakijakaa sawa kwenye injini moja, na mafundi walikuwa juu ya ngazi wakiingiza mikono. Abiria walilalamika. Mimi nilikaa kimya, maana mtu anayekwenda kufunguliwa na kufungwa tena lazima awaheshimu mafundi wanaochukua muda wao.

Kuruka kwenyewe si kugumu. Ndege inakimbia, inakimbia, unadhani itagonga kitu, halafu tumbo lako linabaki chini na wewe unakwenda. Nilimwuliza jirani yangu tuko juu kiasi gani. Huyo alikuwa mwanamke wa Lubumbashi, Mama Charlotte, mfanyabiashara wa vitenge, mnene na mchangamfu, anayezungumza Kiswahili ambacho nilikielewa nusu, na nusu nyingine nilikuwa nakubali tu kwa kichwa. Akaniambia yeye haulizi tuko juu kiasi gani, anauliza tu kama tunakwenda mbele.

Kwa sababu ya kuchelewa, ndege ya Frankfurt, ambako ningebadilisha ya Copenhagen, ilikuwa imeshatuacha. Tulipelekwa hotelini, tukaambiwa tutaondoka siku inayofuata. Addis Ababa ni baridi. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge na kandambili, viatu vyangu vizuri nikiwa nimevihifadhi kwa ajili ya Denmark.

Mezani mhudumu alileta sinia kubwa lenye chapati pana, laini, chachu kidogo, na juu yake kitoweo cha nyama chekundu kinachotoa moshi. Kimepikwa, kimeiva, cha moto. Hakuna sharti la daktari lililokikataza. Nilikuwa na njaa ya tangu Malinyi. Nikafumba macho, nikafanya ishara ya msalaba, nikasema sala fupi kuliko zote nilizowahi kusema, nikafumbua macho, na nyama haikuwepo. Mhudumu alikuwa ameiondoa. Mahali pake akaweka dengu na kabichi, akajigusa kifuani kwa heshima, akaondoka.

Mama Charlotte alicheka mpaka meza ikatikisika. Aliponieleza ndipo nikaelewa. Ilikuwa Kwaresima, na Wakristo wa kule wakifunga hawagusi nyama kabisa. Mhudumu aliponiona najichora msalaba akadhani nimeletewa nyama kwa makosa, akaniokoa na dhambi. Nilijaribu kumwita nimweleze kwamba mimi ni Mkatoliki na ile haikuwa Ijumaa, lakini Kiingereza changu hakikufika huko. Kila nilipoonyesha nyama ya Mama Charlotte, yule kaka alitikisa kichwa kwa huzuni na kuniongezea dengu. Nilikula dengu. Zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Asubuhi niliamka viungo vinauma. Nikajiambia ni baridi. Mama Charlotte alinigusa shingoni kwa nyuma ya mkono wake, akanivika sweta lake la manyoya. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hichohicho.

KUTOKA ADDIS ABABA HADI COPENHAGEN

Sehemu hii ndiyo ndefu kwa kilomita na ndiyo ninayoikumbuka kidogo. Walileta chakula, sikukitaka. Chini palionekana jangwa, rangi ya mkate, likaendelea mpaka nikachoka kulitazama. Nilitetemeka, nikatoka jasho, nikatetemeka. Mama Charlotte aliomba mablanketi kwa kila mtu aliyepita. Nilikuwa nalia na sikutaka aone, nikageukia dirishani. Nilikataa maziwa, nikakataa ndizi, nikachemsha kila tone la maji, na hiki kitu bado kilikuwa kimenipata.

Frankfurt Mama Charlotte aliniongoza mpaka kwenye mlango wa ndege ya mwisho, akakataa kuchukua sweta lake, akaniambia, "Mama, wewe peleka figo. Homa watakutoa hukohuko." Sijamwona tena.

Ndege ya mwisho ilikuwa fupi. Copenhagen walikuwepo Birte na Kasiani. Nilimtambua Birte kwanza. Kasiani nilimpita, nikarudi. Alikuwa amekaa kwenye kiti, uso umevimba, ngozi imekuwa na rangi ya majivu, shati linampwaya mabegani. Akasimama akasema shikamoo dada, akanikumbatia, kisha akaniachia haraka akanishika paji la uso.

"Dada, unaungua," akasema.

"Ni sweta," nikamjibu.

COPENHAGEN

Haikuwa sweta, ilikuwa malaria. Daktari alisema yule mbu aliniuma zamani kidogo, labda hata kabla sijafika kwa Masanja, kwa hiyo nimeshamsamehe Mama Kulwa na moshi wake. Nililazwa hospitali nyingine mbali na Kasiani. Na hapo nikawa mtu maarufu. Wenyewe hawana malaria, basi walipokiona kijidudu kwenye damu yangu waliitana. Wanafunzi wa udaktari walipanga foleni kwenye hadubini, kila mmoja akitoka anakuja kunishukuru kwa kunishika mkono. Mimi nilikuwa nimekuja kutoa figo, wao wamefurahia homa.

Lakini mambo hayakuwa ya kuchekesha. Tarehe ya upasuaji ilipita mimi nikiwa kitandani na masikio yanavuma kwa kwinini. Birte alikuja kila siku baada ya kazi. Hakuwahi kuniambia Kasiani hali yake ikoje, na kwa kuwa hakuniambia, nilijua. Siku moja nilimbana. Akasema moyo umeanza kuchoka na maji yanamjaa mwilini. Mashine inasaidia, lakini kila wiki inasaidia kidogo kuliko wiki iliyopita.

Homa ilipokwisha na damu yangu ikawa safi, daktari wa upasuaji alitaka kuniona peke yangu. Alikuwa mama wa makamo, nywele fupi nyeupe, anayekaa sana kimya. Birte hakuruhusiwa kuingia. Badala yake aliletwa mkalimani, msichana Mkenya anayesoma hapo, Wanjiru.

Daktari alieleza watakata wapi, ubavu gani, ni nini kinaweza kuharibika. Hakuficha kitu. Kisha akaweka kalamu chini, akasema jambo ambalo Wanjiru alilisikiliza mara mbili kabla ya kulitafsiri.

"Anasema hivi, mama. Kama hutaki tena, ama unaogopa, umwambie yeye hapa. Atamwambia ndugu yako malaria imeharibu mambo, haiwezekani. Hakuna mtu atajua. Hata mimi nimekatazwa kusema."

Rafiki zangu, mnaponiita shujaa dukani mnanitia haya, kwa sababu nililifikiria kweli. Nilifikiria kupanda ndege na kufika nyumbani nikiwa na vyangu vyote. Nilifikiria mama na ule ungo. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, na aliyeufungua hakuwa ananidharau.

Nikamuuliza daktari, kama mimi nikikataa, Kasiani ana muda gani? Akajibu kwamba hilo halikuwa jukumu langu kulibeba. Nikamwambia Wanjiru amwulize tena. Daktari akatazama dirishani, akajibu kwa kifupi.

"Anasema si mrefu."

Nikasema basi wanioneshe mahali pa kuweka jina langu. Nikatia sahihi.

Asubuhi ya upasuaji vitanda vyetu vilikutana kwenye ujia mrefu, mimi nikisukumwa huku, yeye kule. Wauguzi wakasimama kidogo. Kasiani alinyoosha mkono, vidole vyetu vikagusana tu. Alitaka kusema kitu kikubwa, nilimwona anakitafuta. Akaishia kuniuliza kama mama anajua ni leo. Nikasema anajua niko sokoni. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, kisha wakatutenganisha.

Niliamka na maumivu ambayo sikuwa nayajua, na mimi nimezaa watoto watatu. Hakuna aliyeniambia kwamba anayetoa ndiye anayeumia zaidi. Kila nikivuta pumzi ilikuwa kama mtu ananikanyaga ubavuni. Nilimwuliza muuguzi habari za Kasiani kwa lugha zote, akaniambia nilale. Nililala. Nikaamka nikauliza tena. Jioni aliingia Birte na macho mekundu. Alikuja mpaka sikioni kwangu, na kwa Kiswahili chake alichojifunzia Ifakara, akaninong'oneza kama mtu anayetoa siri ya serikali, "Wifi, amekojoa."

Figo lilikuwa limeanza kazi mezani palepale, kabla hawajamaliza kushona. Mdogo wangu alikuwa hajakojoa kwa miezi. Wauguzi walikuwa wanaita wenzao waje waone mfuko ukijaa. Birte alilia, mimi nikacheka, na kucheka kukaniuma mpaka nikalia nami.

Siku iliyofuata walinikalisha kwenye kiti cha magurudumu wakanisukuma mpaka chumbani kwake. Nilimkuta ameegemea mto. Ile rangi ya majivu ilikuwa imeanza kutoka usoni, na uvimbe chini ya macho umepungua. Nilimshika mguu juu ya shuka, ulikuwa na joto kama mguu wa mtu asiyeumwa.

Muuguzi akaingia na jagi la maji na bilauri, akaviweka kwenye meza yake akasema neno moja. Kasiani hakushika kitu. Birte akanieleza kwamba muda wote wa ugonjwa alikuwa anaruhusiwa maji ya kikombe kimoja kidogo kwa siku, pamoja na ya kumezea dawa. Kiu ikimzidi alikuwa ananyonya kipande cha barafu. Mtu aliyezaliwa Malinyi, ambako maji huja yenyewe mpaka mlangoni! Sasa daktari ameagiza anywe, na anywe sana, figo linayataka.

Kasiani alimtazama muuguzi kuhakikisha. Muuguzi akamjazia bilauri akampa mkononi. Akanywa kidogo, akaacha kwa mazoea, akaiangalia bilauri. Muuguzi akaisukuma taratibu kurudi mdomoni kwake. Akanywa yote. Maji yakamchuruzika kidevuni mpaka shingoni, hakujifuta.

"Dada," akasema, "yana utamu."

Akanyoosha bilauri, akajaziwa tena.